Maana ya Manchester

Naona stetasi zimeshasambaa, kila mtu ananitumia vikatuni vya kucheka. Sasa kabla yule mpishi wa safari zetu za Kilimanjaro hajaongeza chumvi tena (jana nilikimbizwa na fimbo ya kupandia mlima, leo nasikia nimelala polisi), acheni niseme mwenyewe. Fimbo haikuwepo, wala polisi. Hayo mengine, jamani, ni kweli.

Lawama ya kwanza iende kwa mwalimu wangu wa Kiingereza wa sekondari, mzee wa kaptula na soksi za magotini. Kiingereza chake kilikuwa cha Malkia, tena malkia wa zamani. Ndiye aliyetusimulia kwamba enzi za viwanda kule Manchester saa ya kengele haikuwa kitu cha kila nyumba, hivyo watu walilipwa peni chache wapite alfajiri na mwanzi mrefu, wakigonga madirisha ya wafanyakazi. London mashariki alikuwepo mama mmoja, Mary Smith, yeye alipuliza njegere kavu kwa mrija mpaka zigonge kioo. Kumwamsha mtu hivyo ndiyo 'knock up'. Nikakariri. Kwenye mtihani nikaitumia, nikapata vema.

Ambacho mzee hakutuambia ni kwamba Wamarekani, tangu mwanzoni mwa karne ya 19, wana maana yao. Kwao ni kumpachika mtu mimba. Sisi angalau kitenzi tunakichezea mkiani, gonga, gongea, gongana, unaona kabisa kinakoelekea. Wao wananing'iniza kineno kimoja tu na familia inavunjika.

Haya. Kambi ya Kibo, Kilimanjaro, mita 4,720, njia ya Marangu, usiku wa kwenda kileleni. Wageni wote Wamarekani, wanawake chumba chao, wanaume chao. Mkuu wa msafara akasema, "Leo maelezo toa wewe, uzoee."

Nikasimama. Nikavua kofia. Nikakohoa kidogo, kile kikohozi cha mgeni rasmi. Nikamgeukia mzee mmoja, mkewe yuko pembeni anapuliza supu, nikamwambia kwa ile sauti ya mtu aliyepata vema: bwana, usiwe na wasiwasi, saa tano usiku nitam-knock up mkeo kwanza, maana yeye huchelewa, halafu nitakuja kwako.

Kijiko cha mzee kikagandia hewani.

Nikadhani hajasikia. (Nyie mnaoniambia ningenyamaza hapo, mlikuwa wapi?) Nikarudia, polepole, kwa sauti zaidi. Kimya. Nikaona huenda wanaogopa gharama, nikaongeza kwamba hiyo imo kwenye bei ya safari. Bado kimya. Nikawatuliza: ni dakika mbili tu kila mmoja, na nikimaliza naleta chai.

Mpishi mlangoni, sufuria mkononi, mabega yanatetemeka. Kumbe yeye maana anaijua! Miaka yote hiyo anaijua!

Ndipo bibi akaweka bakuli chini, akafuta mdomo, akasema, "Kijana, nina miaka 68. Ukifanikiwa, itabidi iandikwe Biblia mpya, maana Sara wa Ibrahimu atakuwa amepata mwenzake."

Chumba kizima kikalipuka. Mzee ndiye aliyenieleza, taratibu, mkono wake begani kwangu kama baba mkwe. Nilitamani Kibo ikumbuke kwamba ni volkano.

Saa tano niligonga mlango kwa kidole kimoja na sikutamka neno. Uhuru tulifika, bibi alinitangulia, tukashuka, wakaondoka. Basi.

Ila kwenye bahasha ya tipu bibi aliandika, kwa herufi kubwa, shukrani kwa kijana aliyetu-knock up sote mlimani. Mpishi akapiga picha. Ndiyo hiyo mnayoiona.

Mama watoto naye kaiona. Kaniuliza inamaanisha nini, nikampa maana ya Manchester, na mianzi, na Mary Smith na njegere zake. Akatikisa kichwa, akasema ni historia nzuri sana. Sasa hivi yuko chumbani, kaomba nimwekee bando.