Marehemu Alikuwa Mcheshi

Gurudumu la mbele la baiskeli yangu lilibaki ndani ya banda la marehemu, na banda likapigwa kufuli. Nalisema mapema msije mkadhani nalalamika kwa majonzi matupu. Majonzi yapo, Mungu anajua. Lakini na gurudumu nalo lilikuwa humo, na mimi nikawa natembea kwa miguu kutoka Ngamiani hadi sokoni kwa jua hili la Tanga, na nauli za bajaji mnazijua wenyewe.

Siku ile nilikuwa barazani na kahawa yangu. Kipaza sauti cha msikiti kikakohoa kama kawaida yake, kikatangaza kifo cha ndugu yetu, majina matatu mazuri, maziko saa kumi. Tukatazamana. Nani huyo? Mmoja akasema ni yule muuza nazi wa Makorora. Mwingine akasema hapana mgosi, muuza nazi alishakufa, nilimzika kwa mkono wangu huu. Wakabishana mpaka kashata zikaisha. Mimi nikajiondokea, nikaenda zangu kwa Fundi kufuata gurudumu, na kumuuliza pia, maana Fundi alimjua kila maiti wa mtaa ule na deni alilokufa nalo.

Nikakuta pamefungwa. Nikakaa kwenye kile kigogo cha wateja chini ya mwarobaini, nikamsubiri. Nusu saa. Nikaanza kumsema moyoni: mtu mzima, saa nne hii, bado amelala! Akapita mtoto wa shule, shikamoo babu, marahaba, unamsubiri nani? Fundi. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Babu, si ndiye aliyetangazwa?"

Miaka thelathini ya kumwita Fundi, jina lake nimelisikia kwenye kipaza sauti, nami nikauliza ni nani. Basi nikabaki pale kwenye kigogo, sijui niinuke au niendelee kukaa.

Sasa haya matangazo ya vifo, jamani. Tangu enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam ni yale yale: fulani wa Tanga anasikitika kutangaza kifo cha baba yake mzazi, habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote pale walipo. Redioni sawa, haja ilikuwa watu wawahi basi. Lakini siku hizi tuna simu, tuna makundi, nafasi ya kuandika haina mwisho, na bado kila anayekufa ni mcheshi, mkarimu, mchapakazi, na pengo lake halitazibika. Watu wote hao wakarimu walikuwa wakiishi wapi? Mimi niliyeomba chumvi nyumba tatu wiki iliyopita sijawaona.

Siku ya tatu nikaitwa kikaoni. Niliwahi kuwa karani bandarini, kwa hiyo mtaani kila karatasi ni yangu: posa, talaka, malalamiko ya maji, na sasa wasifu. Mtoto mkubwa wa marehemu ametoka Dar, simu mbili, shati halina kunyanzi. Akanisalimia vizuri, sikatai. "Ami Karani, tunaomba utuandikie wasifu wa mzee. Ukurasa mmoja tu. Kuna wageni wangu wa ofisini wanakuja kwenye hitima."

Nikaandika usiku kucha, tena umeme ulikatika, nikamalizia kwa tochi ya simu ya mjukuu. Asubuhi nikasoma mbele ya ukoo. Nimevaa kanzu, nimesafisha koo, kama hakimu.

"Marehemu alikuwa fundi baiskeli. Katika maisha yake yote hakumwazima mtu pampu."

Kijana akainua mkono. "Ami, hapo pa pampu tuparuke. Tuandike alikuwa mkarimu."

"Nani mkarimu?" Huyo ni shangazi mtu, dada wa marehemu, yuko kwenye jamvi anachambua mchele wa hitima. "Kaka yangu? Mimi dada yake, tumbo moja, nilijaza upepo pale pale mlangoni kwake ananisimamia, nami nikalipa."

"Shangazi, ni wasifu huu."

"Ndiyo na mimi namsifu."

Nikaendelea. "Aliandika madeni ukutani kwa mkaa." Kijana akasema tuweke: alikuwa mtunza kumbukumbu mahiri. "Hakusemezana na jirani yake miaka kumi na moja kwa sababu ya mbuzi aliyekula kofia yake ya viua." Alidumisha uhusiano mwema na majirani. "Alikuwa African Sports damu, na mwaka 1988 Coastal Union, watani wao wa hapa hapa Tanga, ilipochukua ubingwa alifunga banda wiki nzima akisema ana malaria, na sisi wote tulijua malaria ile inaitwa Coastal." Alikuwa mpenda michezo. Na fundi baiskeli mwenyewe naye, wallahi sitanii, akageuzwa kuwa mjasiriamali katika sekta ya usafirishaji.

Nikavua miwani. Nikasema kwa upole, upole ule wa ofisini: mwanangu, huyu uliyemwandika simjui, na wewe humjui, na akitokea mlangoni sasa hivi tutamuuliza amemfuata nani.

Kimya. Mara sauti ikatoka chumbani, nyuma ya pazia. Mjane, yuko eda. Sote tulikuwa tumemsahau, kama kawaida ya vikao.

"Andikeni na ile kengele."

Kengele gani, mama?

"Akifika kona alikuwa akinipigia kengele ya baiskeli. Mbili, nibandike chai. Tatu, ana mgeni, niongeze maji. Siku alizokosa kazi hakupiga."

Shangazi akaacha kuchambua mchele. Mimi nikaandika haraka haraka, mkono unatetemeka, uzee huo. Kijana alitazama dari, akatazama simu, ile moja halafu ile nyingine, akasema kwa sauti ndogo: "Ni nzuri, mama. Ila haiendani na mtiririko."

Mtiririko! Hapo ndipo heshima yangu ya kikarani iliponitoka. Nilisema maneno ambayo kwenye nyumba ya msiba hayasemwi, ikabidi shangazi anipe maji.

Maana na sisi watu wa Tanga hatuna kisingizio. Shaaban Robert ni wa hapa hapa, kazaliwa Vibambani mwaka 1909. Alipoandika wasifu wa Siti binti Saad hakuona haya kusema kwamba bibi yule kabla ya sifa zote aliuza vyungu. Hakuandika mjasiriamali wa sekta ya udongo. Na mkewe Amina alipofariki, alimtungia shairi lenye jina lake, Amina, si marehemu wala mpendwa wetu. Mpwa wangu aliyeko Marekani aliwahi kuniambia kwamba baada ya Septemba 11, 2001, gazeti la New York Times liliwaandika waliokufa mmoja mmoja, vijihabari vifupi, hata mtu wa jikoni na karani, na badala ya vyeo wakaweka vijitabia vyao. Hata karani! Nilimwambia anikatie kurasa anitumie. Hajatuma. Huyo naye akifa nitaandika.

Baba yake Fundi alikuwa manamba, mkata mkonge. Mkonge huo tunajua aliuleta Mjerumani Hindorf mwaka 1893, tunajua hata miche iliyosalimika, 62. Mche una historia. Walioukata tumebaki na namba zao za kipande, na hizo nazo zimepotea.

Nimetoka nje ya mada. Hitima ilifanyika, pilau lilikuwa zuri, nyama chache. Wasifu ukasomwa dakika mbili: mcheshi, mkarimu, mpenda michezo. Mzee aliyekaa ubavuni mwangu, mteja wa Fundi tangu baiskeli ni za dinamo, akaniinamia sikioni: "Karani, kwani hii hitima ya nani?"

Jana kijana kanifungulia banda. "Chukua gurudumu lako, ami." Yananing'inia kumi na manne, hakuna hata moja lenye alama, kwa sababu alama zote zilikuwa kichwani mwa mwenyewe. Nikayapapasa kama ninachagua tikitimaji. Ukutani ule mkaa bado upo, mstari kwa mstari: Mama Chapati, 500, analipa Ijumaa. Mpemba, 3,000, usimsikilize. Nikashuka, nikashuka, nikajikuta: Karani, 2,000, maneno mengi.

Nimelipa. Kijana hakutaka kupokea, nikaziweka juu ya kile kikopo cha gundi. Nikachukua gurudumu linaloelekea kuwa langu, ingawa hili limekatika spoku mbili na langu sikumbuki kama lilikatika, na halina upepo. Pampu ilikuwa pale mlangoni, msumarini. Nikauliza kama naweza kuiazima. Akasema, "Chukua tu, ami, hata uondoke nayo."

Nilishindwa. Nikasukuma baiskeli mpaka kwa yule kijana wa kona ya pili. Mia mbili kwa tairi moja, na mkono mmoja anachezea simu. Tena ananiita mjomba.