Jikoni Pasipo na Sufuria

Jamani, mwenzenu nimeponzwa na shemeji. Alinijia na maneno matamu: kuna mchezo unaitwa pikoboli, hauna mbio ndefu, hauna kuumizana, na sheria zake utazijua kabla hata jasho halijakutoka. Jasho lilinitoka. Sheria bado nazisubiri.

Tuanze na mpira. Alinipa mpira wa plastiki uliojaa matundu. Mimi kwa ustaarabu wangu nikamrudishia, nikamwambia huu umetoboka, tafuta mzima. Akacheka mpaka akashikilia wavu. Kumbe ndivyo ulivyo, na matundu yenyewe yana sheria: yasipungue 26, yasizidi 40. Nikaketi pembeni nikayahesabu. Mara ya kwanza nikapata 37, nikaanza kulalamika kwamba tumepunjwa. Mara ya pili 40 kamili. Hapo mchezo haujaanza na mtu mzima nimeshachoka kwa kuhesabu matundu. Na cha kupigia nacho si raketi, hakina nyuzi hata moja. Ni kibao. Siku ile nilikula vibao vya kila namna.

Shemeji, ambaye hawezi kukufundisha jambo bila kuanzia enzi za mababu, akanieleza kwamba mambo haya yalianza mwaka 1965 katika kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington, Marekani. Joel Pritchard na rafiki yake Bill Bell walirudi kutoka kucheza gofu, wakawakuta watu wa nyumbani wamekaa tu, hawana la kufanya. Wakataka kuwachezesha badmintoni, vifaa havikutimia, wakaokota vibao vya tenisi ya mezani na mpira wa plastiki. Barney McCallum akaja akasaidia kuutengeneza. Jina lenyewe kwa Kiingereza, pickleball, limebeba neno pickle, yaani achari: kuna wanaosema limetoka kwa mbwa aliyeitwa Pickles, na kuna wanaosema mbwa ndiye aliyepewa jina la mchezo. Nikajisemea, kumbe! Watu walikosa vifaa, lakini sheria hawakukosa hata moja.

Basi nikaambiwa nianzishe. Nikaunyanyua mkono juu kama ninavyowaona wacheza tenisi kwenye televisheni. Sauti tatu kwa pamoja: "Siyo hivyo!" Pikoboli inaanzishwa kwa chini. Mkono unatoka chini kwenda juu, mpira ugongwe chini ya kiuno. Sasa kiuno changu, wanaonifahamu wanajua, kimefunikwa na tumbo miaka mingi, na kukitafuta mbele ya wageni si heshima. Mguu usikanyage mstari wa nyuma. Mpira uende mshazari, uvuke eneo la mbele lote, tena na mstari wake. Mistari mingine yote mpira ukiigusa unahesabiwa umo ndani. Huo mmoja tu, wakati wa kuanzisha, ukiugusa umekosea. Na nafasi ni moja. Nilipoukosa nikasema, "Haya, ya pili." Hakuna ya pili.

Nilipokuja kuuvusha vizuri, ukagusa wavu kidogo ukaangukia panapotakiwa. Nikainua mkono kiungwana kuomba kurudia. Hakuna kurudia, mpira uko hai. Mama wa upande wa pili, amefunga goti bandeji, akaupiga ukanipita huku mkono wangu ungali juu kama wa mwanafunzi anayeomba kwenda chooni.

Kisha kuna habari ya kudunda. Ukishaanzisha, mpira lazima udunde upande wao kwanza. Wakiurudisha, lazima udunde na upande wenu. Baada ya hapo ndipo ruhusa ya kuupiga hewani. Mimi kila nikianzisha nilikuwa natimua mbio kwenda mbele, mpira unarudi, naudaka hewani kwa kibao, paa! Pigo zuri kweli. Kosa. Nimefanya hivyo mara nne. Mara ya nne shemeji hakusema kitu, aliangalia viatu vyake tu, na mimi ningependa angesema kitu.

Lakini nyie, hesabu. Hapa ndipo niliponyooshewa mikono. Kabla ya kuanzisha lazima utaje pointi kwa sauti, na mkicheza wawili wawili unataja namba tatu: pointi zenu, pointi zao, halafu wewe ni mwanzishaji wa kwanza au wa pili wa upande wenu. Ukishazitaja una sekunde kumi uwe umepiga. Na mchezo unaanzia sifuri-sifuri-mbili. Mbili! Sijagusa mpira, sijamkosea mtu, nimeshaitwa wa pili. Eti upande unaoanza hupewa mwanzishaji mmoja tu, ili wasijipatie pointi nyingi mwanzoni, kwa hiyo mnahesabiwa kana kwamba wa kwanza alishamaliza zamu yake. Huyo wa kwanza ni nani? Yuko wapi? Kwa nini asije anisaidie?

Halafu pointi anapata anayeanzisha peke yake. Nyie wengine mkishinda, mnapata kumyima. Kuna wakati tulishinda mara mbili mfululizo, nikawa napunga mikono kama mgombea, nikauliza tuna ngapi. Sifuri. Tumeshinda mara mbili tuna sifuri! Tulichopata ni zamu yetu ya kuanzisha. Nikaanzisha, nikautia wavuni.

Siku nyingine nitawasimulia kuhusu mpira uliokuwa unakwenda nje kabisa, hauna ubaya na mtu, ukanigonga tumboni kabla ya kutua. Pointi yao. Eti kama nisingekuwepo ungekuwa wetu. Nimewahi kuambiwa mengi maishani, lakini kuambiwa tumbo ndilo lililocheza vibaya, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Sasa jiko. Uwanja una urefu wa mita 13.41, na mbele ya wavu, kila upande, pana kipande cha mita 2.13 wanachokiita jikoni. Hakina moto, hakina sufuria. Nilichosikia mimi ni "Toka jikoni! Toka jikoni!" na kwa malezi niliyopata, mtu mzima akifukuzwa jikoni anatoka na harudi. Kwa hiyo nikakaa nje ya mstari. Yule mama akagundua. Akawa anaudokoa mpira taratibu, unavuka wavu, unadunda jikoni, tep, tep, nami nautazama tu kwa adabu. Mara tano.

"Shemeji, mbona hupigi?"

"Si mmenikataza nisiingie?"

Shemeji akashika kichwa. Kumbe kuingia si kosa. Unaweza kuingia jikoni ukakaa hata mchana kutwa ukitaka. Kosa ni kuupiga mpira hewani ukiwa humo, au ukiwa umekanyaga mstari wake. Ukidunda, ingia upige. Nikasema hilo nimelielewa. Mtu asiwe mwepesi kusema amelielewa.

Kwa sababu jikoni pana kijukuu cha sheria. Ukiupiga hewani ukiwa nje, halali kabisa, halafu mwili ukakusukuma ukaingia ndani, ni kosa vilevile. Hata kama mpira umeshatua, umeshashindikana, wenzako wameshaanza kushangilia. Ulichokianza nje ukimalizie nje. Mwili wangu mimi ukishaondoka hauna breki, unasimama unapotaka wenyewe.

Tukafika kumi kwa nane, wao ndio wanaanzisha, wakipata moja wamemaliza, maana mchezo unaishia kumi na moja kwa tofauti ya mbili. Mama akaita, "Kumi-nane-mbili!" Ukaanzishwa, nikaurudisha baada ya kudunda, akina mama nao wakaungoja udunde, kila kitu kwa mujibu wa sheria. Ukarudi ukiwa juu, umejileta wenyewe kama embe lililoiva. Miguu yangu iko nje ya jiko, nimeiangalia mara mbili. Nikauchapa. Ukatua katikati ya uwanja wao, hakuna aliyeugusa.

Mwili ukaanza kwenda mbele. Nikajishika kwa vidole vya miguu, mikono nimeitanua kama korongo anayekausha mbawa, pua iko jikoni, visigino viko hewani. Shemeji akaniwahi kwa nyuma, akanikamata shati, na hilo linaruhusiwa mradi yeye mwenyewe hayuko jikoni. Vifungo viwili vikalia. Nikasimama. Sikuingia! Hata kidole!

Miwani ikateleza kwenye jasho, ikashuka puani polepole, ikaanguka jikoni.

"Kosa," akasema mama, tena kwa huruma. Ulichovaa kikianguka humo kwa sababu ya pigo la hewani, umeingia wewe. Kumi na moja kwa nane.

Wenzangu wakaenda kugonganisha vibao kwenye wavu, ndiyo namna ya kushukuriana. Mimi bila miwani nilikuwa naona ukungu mtupu. Nimechuchumaa nje ya mstari, nimenyoosha mkono napapasa, namuuliza shemeji kama naruhusiwa kuingia kuichukua.