Mzee Aliyelipa Kabla ya Kunyolewa

Mwenye duka asipolipwa huchukua bidhaa yake akairudisha kwenye rafu. Kinyozi unachukua nini? Mtu amekaa kitini, amenyolewa, amechongwa ndevu, amepakwa spiriti akapiga yowe, amejitazama kwenye kioo mbele na nyuma, halafu anapapasa mifuko na kusema, "Fundi, sina keshi. Nina simu tu." Nywele ziko chini tayari. Huwezi kumrudishia.

Ndiyo maana nilikubali kuletewa mashine ya kupokea malipo ya kugusa. Wakala aliyeileta alikuwa na maneno mengi. Akanionyesha ile alama ya mistari minne iliyopinda, akasema simu ikisogea mpaka kiasi cha sentimita 4 inaanza kuzungumza na mashine kwa mawimbi ya redio, megahetsi 13.56. Dogo, msaidizi wangu, akauliza kama hiyo ni FM. Wakala akajifanya hajasikia. Akaendelea kwamba pochi ya kidijitali iliyo ndani ya simu haitoi namba halisi ya kadi ya mteja. Inatoa namba ya kukaimu, iliyotengenezwa kwa ajili ya kifaa hicho tu, pamoja na msimbo unaotumika mara moja ukafa. Mimi naitikia "naam, naam," huku nikitafuta kwenye karatasi ni kiasi gani kitakatwa katika kila malipo, maana somo hilo alilipita mbio.

Kitu ambacho hakusema ni mahali pa kuiweka. Soketi yenye nafasi ilikuwa moja tu, kwenye meza ndogo chini ya kioo, ambako wateja huacha simu, funguo na miwani kabla ya kufungwa shuka. Nikaiweka hapo. Ningeiweka wapi, dirishani?

Mwanzoni ilikuwa burudani tupu. Sehemu inayosoma haikai mahali pamoja katika kila mashine: nyingine iko kwenye skrini, nyingine juu yake, nyingine ubavuni. Simu nazo kila moja na antena yake. Nyingine iko kwenye ncha ya juu, nyingine katikati ya mgongo. Sasa mkutanishe mteja asiyejua ya simu yake na mashine asiyoijua kabisa. Niliwaona watu wazima, wenye heshima zao, wakiipapasa mashine kwa simu, wakiisugua, wakiigonga mgongoni. Mmoja aliishusha simu yake polepole kutoka juu kama helikopta inayotafuta pa kutua. Mwingine aliigusisha kwenye mashine ya kunyolea, tena akaishikilia pale kwa subira, nikamwambia bosi, hiyo inapokea nywele tu. Na yule wa tatu aliniuliza, "Imekata?" nikamjibu inakata vizuri sana, nimeitia mafuta asubuhi. Kumbe anaulizia hela zake.

Siku ya mkasa ilikuwa mwisho wa mwezi. Foleni imefika mlangoni, feni imegoma, na kitini nina kijana mmoja mwenye saa ya kisasa mkononi. Kijana huyo alitaka kila kitu: kichwa, mistari miwili ubavuni, ndevu zitiwe rangi, nyusi ziguswe kidogo. Na wakati wote huo anatufundisha. Kwamba sisi tumechelewa. Kwamba watu wa Hong Kong walianza kugusisha kadi ya Octopus kwenye usafiri tangu mwaka 1997. Kwamba Japani walikuwa na pochi kwenye simu mwaka 2004, na Apple Pay, pochi ya simu za Apple, ilipoanza Marekani mwaka 2014 Wajapani walishazoea mambo hayo. Wateja kwenye benchi wanaitikia kwa vichwa, maana ukisikia mtu anataja miaka bila kusita unamwamini tu.

Nikamaliza. Dogo akabonyeza kiasi kwenye mashine, kikajaa kwenye skrini, mashine ikakaa inasubiri. Kijana akataka kulipa kwa saa, kwa mbwembwe. Lakini mkono wenye saa uko chini ya shuka, na shuka nimelifunga mimi, si la kutoka hovyo. Akawa anahangaika humo ndani kutafuta pa kutokea.

Hapo ndipo akaingia mzee.

Mzee huyu ni mteja wangu wa siku nyingi. Hataki mistari, hataki rangi, hata mazungumzo hataki. Ana simu iliyovaa kava la kukunja, na ndani ya kava ana kadi moja ya benki. Akasalimia, akaona meza, akafanya anavyofanya siku zote: akaweka simu yake pale anapoiweka siku zote. Juu ya mashine. Ubavu wenye kadi ukiwa chini.

Tiii!

Wakati huohuo mkono wa kijana ukachomoka kwenye shuka, saa ikapita hewani juu ya meza, na skrini ikaandika kuwa malipo yamekubaliwa. Kijana akatutazama wote. "Mmeona? Hata sijagusa vizuri." Benchi zima likasema aah. Mmoja akapiga makofi. Kijana akajifuta shingo, akavaa kofia, akaivua tena ili mistari ionekane, akatoka kifua mbele.

Nikamkaribisha mzee kitini. Nikamfunga shuka, nikainua mashine ya kunyolea, mara simu yake ikatetemeka. Akaomba nimpe. Akaisoma kwa mbali, akaisoma kwa karibu, akaomba miwani, akaisoma tena.

"Fundi," akasema, "mimi nimenyolewa?"

"Bado, mzee wangu. Ndiyo naanza."

Akapapasa kichwa. Nywele zipo. "Mbona nimeshalipa?"

Nikaichukua simu, nikasoma. Jina la biashara yangu, na kiasi kilekile cha kijana, mpaka na hela ya nyusi. Kimya kikatanda saluni, wakasikika wenye simu tu wakipunguza sauti.

Ikabidi nieleze. Nikamwambia mzee, kadi hizi za kugusa hazina betri. Zinapata nguvu kutoka kwenye mashine yenyewe: mashine inayosubiri malipo inatoa mawimbi, kadi ikiyapata inaamka na kujibu. Simu ingemwomba kwanza kidole au sura au namba ya siri. Kadi ya plastiki kwa kiasi kidogo haiulizi. Tena angekuwa na kadi mbili humo kwenye kava angepona, kwa sababu mashine ikihisi mbili kwa pamoja hugoma na kuomba ionyeshwe moja tu.

"Kwa hiyo kosa langu ni kuwa na kadi moja."

"Sikusema hivyo, mzee."

"Kadi yangu ilikuwa imelala."

"Ilikuwa imelala, ndiyo."

"Mashine yako ikaiamsha, ikachukua hela, bila hata kupiga hodi."

Hapo sikuwa na jibu. Benchi likaingilia, kama kawaida ya mabenchi. Mmoja akasema kuna watu huko mijini wanatembea na mashine kama hizi kwenye umati wakivuna hela mifukoni. Nikamwambia mwizi wa namna hiyo lazima awe amesajiliwa na kampuni ya malipo, na hela zimwingilie kwenye akaunti yenye jina lake, labda ni mwizi anayetaka kukamatwa. Mwingine akasema jambo ni rahisi: hela imeshalipwa, basi mzee apewe huduma inayolingana nayo. "Mchore mistari na yeye. Mtie rangi."

Mzee akageuka akajitazama kwenye kioo. Akageuza shavu upande mmoja. Akageuza la pili. Naapa aliifikiria ile hoja kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Nikamtuma Dogo amkimbilie kijana. Dogo akatoka mbio na mashine mkononi, akampata mbali kidogo akiwa bado anajipigapiga picha. Kijana hakukubali. Alisema amelipa, mashahidi wapo, makofi yalipigwa. Dogo akamwambia afungue saa aone malipo ya mwisho. Akafungua, hakuna kitu. Basi akakubali kulipa papo hapo, akabonyeza kitufe cha pembeni mara mbili, akagusisha, na mashine ikasema haina mtandao. Inatumia Wi-Fi ya saluni, nayo haitoki nje ya mlango. Wakarudi wote wawili, Dogo akiwa ameinua mashine juu ya kichwa kutafuta mawimbi, watu njiani wakiwapisha. Wakafika kizingitini, ikalia tiii, kijana akawa amelipa kweli sasa.

Ningependa kusema yakaishia hapo.

Kwenye orodha kulikuwa na malipo mawili ya kiasi kilekile, na moja lilitakiwa kufutwa. Orodha haionyeshi majina, inaonyesha tarakimu 4 za mwisho za kadi. Nikamwomba mzee anisomee za kwake. Akakataa katakata. "Kadi yangu imeonekana vya kutosha leo." Ameiweka mfuko wa ndani, mkono juu yake, na shuka juu ya mkono.

Haya, kijana atusomee za kwake. Akatoa kadi yake ya plastiki, akasoma kwa sauti. Dogo akatazama muamala wa kwanza: si zenyewe. Akatazama wa pili: si zenyewe.

"Bosi," akasema Dogo, na sauti imeshuka, "hawa wote wawili hawajalipa. Kuna mwingine."

Jamani. Benchi zima lilisimama. Watu wakaanza kupekua simu zao, mabegi, mifuko ya suruali. Mama mmoja aliyemleta mwanawe alikumbatia mkoba na kuhamia nje, mtoto akabaki ndani. Mtu mmoja akasema naye kuna hela imepungua kwenye akaunti yake, tukamuuliza tangu lini, akasema tangu mwezi jana. Kila aliyenitazama alitazama mikono yangu kwanza.

Mimi nimesimama pale na wembe mkononi, hali ambayo haisaidii mtu kuonekana hana hatia, ndipo maneno ya wakala yakanijia. Namba ya kukaimu! Aliyelipa kwa saa hawezi kuacha tarakimu za kadi ya plastiki. Nikamwambia kijana aangalie zilizo kwenye pochi ya simu yake. Akaangalia. Nazo hazilingani! Watu wakaanza kuguna. Kumbe hata simu na saa ya mtu mmoja, zenye kadi moja, kila kimoja kina namba yake. Mwalimu wetu wa Hong Kong na Japani hilo hakulijua. Akaanza kupekua kwenye mipangilio ya saa, jasho likichuruzika kwenye ile mistari niliyomchonga, mpaka akaifikia. Tarakimu zikalingana na muamala wa pili. Wa kwanza, basi, ni wa mzee.

Dogo akanyoosha kidole kubonyeza "rudisha", nikamdaka mkono. Kurejesha hela ni safari ya siku kadhaa benki. Lakini kabla hujafunga hesabu za siku, unaweza kuufuta muamala kabisa, na benki inaachilia hela iliyokuwa imeishika. Tukafuta. Karatasi ikatoka imeandikwa IMEFUTWA kwa herufi kubwa. Nikampa mzee kwa mikono miwili.

Akaisoma. Akaitazama simu. Simu kimya.

"Ilipotoka ililia," akasema. "Mbona inarudi kwa kunyata?"

Nikamweleza kwamba kufutwa si lazima kulete ujumbe, hela inaonekana tu kwenye salio. Hakutaka kusikia. Alinyolewa simu iko mapajani, na kila nikimwinua kichwa anakiinamisha kuitazama. Nusura nimchore ule mstari bure. Nilipofika kisogoni ndipo alipofungua programu ya benki, akaona salio limekaa sawa, akashusha pumzi iliyopeperusha nywele zote za kwenye shuka.

Wakati wa kulipa akatoa noti kubwa, mpya, ya keshi, akainyoosha kwangu huku mkono mwingine ukiishikilia simu nyuma ya mgongo. Nikafungua droo ya chenji. Mlikuwa na kitana kilichovunjika na betri mbili. Tangu mashine ije, nani ananiletea noti? Nikauliza benchi, nani ana chenji. Watu wote wakainua simu zao kunionyesha.

Mzee akaitazama noti. Akaitazama mashine kwa muda mrefu. Akaiondoa simu nyuma ya mgongo, akafungua kava, akachomoa kadi kwa ncha za vidole viwili.

"Irudishe nyuma kwanza," akamwamrisha Dogo. Dogo akarudi hatua. "Bado." Akarudi nyingine. Mzee akagonga meza kwa kifundo cha kidole mara tatu, akasema hodi, na sote, hata mwenye hela iliyopungua mwezi jana, tukaitika karibu.