Faili linasafiri, fomula yako inabaki nyumbani

Kuna utani umezoeleka sana maofisini siku hizi. Kijana katoka chuo juzi na laptopu yake mpya, anamkuta mama mhasibu wa miaka mingi kazini anaandika VLOOKUP, ile fomula ya Excel ya kutafuta jina kwenye orodha na kuleta kilicho mbele yake, anahesabu koloni kwa kidole kwenye skrini, moja, mbili, tatu, nne, kijana anacheka anasema mama hiyo kitu ilishakufa, siku hizi watu wanatumia XLOOKUP. Mama anamwangalia tu, anaitikia "sawa mwanangu", anarudi kwenye VLOOKUP yake. Kijana anaondoka akiamini kabisa kwamba watu wazima hawataki kujifunza.

Mimi ni wa upande wa kijana kwa tabia, nikisikia Excel imeongeza kitu siku hiyohiyo nataka nikiguse. Lakini kadiri ninavyokaa na watu wa hesabu ndivyo ninavyoona yule mama hajaeleweka, na hata ile "sawa mwanangu" haikueleweka.

Tuanze na haki ya kijana maana anayo, tena kubwa. VLOOKUP ina magonjwa mawili na kila aliyeshika mishahara anayajua. Unaiambia nipe koloni ya 4, halafu siku moja bosi anataka namba za simu ziwekwe pembeni ya majina, unaingiza koloni moja katikati, basi ile ya 4 sio tena mshahara ni kitu kingine, na fomula hailalamiki, inakuletea hicho kitu kingine kwa adabu zote. La pili, ukisahau kuandika FALSE pale mwishoni inakutafutia cha kukaribiana, kwa hiyo kama Juma hayupo kwenye orodha haikuambii hayupo, inakupa mshahara wa Joseph anayemtangulia kwenye alfabeti. XLOOKUP, ambayo Microsoft waliitangaza 2019, imetibu yote mawili: unaionyesha koloni yenyewe badala ya namba yake, inatafuta kitu chenyewe bila kuombwa, inaangalia hata kushoto, na unaweza kuifundisha iseme "hayupo" kama hayupo. Ongeza FILTER na UNIQUE, kazi ya nusu saa ya kukopi na kufuta majina yaliyojirudia inakuwa mstari mmoja. Hapo sina ubishi.

Na kung'ang'ania cha zamani kunagharimu, tena sio kidogo. Mwaka 2020 kule Uingereza, Public Health England, taasisi yao ya afya ya jamii, walikuwa wanavuta majibu ya vipimo vya korona na kuyamwaga kwenye faili la .xls, lile la zamani lenye mwisho wa mistari 65,536. Likijaa, kinachozidi kinamwagika nje kimyakimya. Wagonjwa 15,841 wa kati ya Septemba 25 na Oktoba 2 hawakuingia kwenye hesabu za kila siku, na waliokutana nao wakachelewa kutafutwa, wakati .xlsx yenye mistari 1,048,576 ilikuwepo tangu 2007. Miaka 13! Pia Office 2016 na 2019 zilifikishwa mwisho wa matunzo Oktoba 14, 2025, maana yake tundu la usalama likigunduliwa leo hakuna wa kuliziba, na faili la mishahara lina kila kitu cha mtu, jina, akaunti, kitambulisho. Kwa hiyo anayesema "mimi Office yangu ya zamani inanitosha" naye asijifanye hana deni.

Sasa ngoja tukae na mama.

Faili la mishahara la ofisi ya kawaida haliishi kwenye mashine moja, hilo ndilo kijana hajaliona kwa sababu mafaili yake ya chuo yalikuwa yanazaliwa na kufia kwenye laptopu yake. Hili linaanza kwa mhasibu, linaenda kwa meneja anayelifungua kwenye simu akiwa foleni ya Mwenge, linaenda kwa mkaguzi wa nje mwenye mashine yake, nakala inapelekwa kwa flashi tawi la Morogoro ambako kuna deskitopu yenye Office 2016 iliyowekwa na fundi fulani na hakuna anayekumbuka leseni ilitoka wapi. Mashine nne, matoleo manne. Na XLOOKUP haimo kwenye 2016, haimo hata kwenye 2019, ukinunua la kulipia mara moja inaanzia 2021.

Na kinachotokea huko Morogoro ndicho kinachoninyima usingizi kwa sababu sio kama watu wanavyodhani. Watu wanadhani faili litagoma kufunguka. Lingegoma ingekuwa heri, mtu angepiga simu. Au lingekuja na makosa matupu, heri pia. Hapana, linafunguka vizuri kabisa, namba zote zipo, mishahara ipo, jumla ipo, kwa sababu Excel inahifadhi ndani ya faili jibu la mwisho iliyolipata pamoja na fomula yenyewe, kwa hiyo ile ya zamani inaonyesha lile jibu ililolikuta. Ukibofya seli tu ndio unaona mbele ya fomula kuna kidudu kimeandikwa _xlfn, ni namna ya Excel kukiri kwamba hii kitu siijui. Nani anabofya? Yeye anaona namba anaendelea na maisha. Mpaka abadilishe kitu kimoja kinachoigusa hiyo fomula, mfano mtu kapandishwa cheo, anarekebisha, anabonyeza enta, na pale pale seli inageuka #NAME?, na jumla iliyokuwa inaitegemea nayo inageuka #NAME?, na makato nayo, inashuka kama mtu kavuta uzi wa sweta.

Yaani faili lilikuwa maiti limekaa kwenye kiti, mpaka ulipolisalimia.

Halafu angalia hiyo inatokea lini. Haitokei siku umetulia, inatokea siku faili linaguswa, na faili la mishahara linaguswa mwisho wa mwezi na zile siku za kwanza za mwezi unaofuata, wakati PAYE, kodi ya mishahara, inatakiwa iwe imelipwa kufikia tarehe 7. Nani anapigiwa simu? Kijana wa XLOOKUP? Anapigiwa mama. Ukitaka kujua kwa nini anaandika fomula ya zamani usimuulize kama anajua mpya, wengi wanazijua, muulize mara ya mwisho alipigiwa simu saa ngapi usiku.

Nilishawahi kulituma faili kama hilo mimi mwenyewe. Lilikuwa zuri, nilijisifu nalo, sikumuuliza mtu upande wa pili ana toleo gani. Kosa langu lote.

Na hata ile habari ya Uingereza ukiitazama tena sio hadithi ya wazee wanaoogopa vipya. Mafaili ya maabara yalikuja sawa, kilichokwama ni kiungo kimoja katikati ya safari kilichokuwa bado kinasema .xls. Ndio jambo lilelile la Morogoro limegeuzwa tu, kule kiungo kimoja kilibaki nyuma na huku kiungo kimoja kimekimbia mbele, kote faili limeumia njiani.

Kwa hiyo mimi naona kuna vitu vipya vya aina mbili na tunavichanganya. Kuna kile kinachokaa kwenye mashine yako na kuna kile kinachoingia ndani ya faili na kusafiri nalo. Cha kwanza chukua hata leo. Mfano wake mzuri ni kitu ambacho hakuna aliyekipigia tarumbeta: Oktoba 2023 Excel iliongezewa sehemu kwenye mipangilio ya kuizuia isibadilishe data yako kwa ujuaji wake. Waliolia sana ni wanasayansi wa jeni, jeni inayoitwa MARCH1 ikiandikwa Excel inageuzwa tarehe 1 Machi, mpaka mwaka 2020 ikabidi wabadilishe majina ya jeni zenyewe, ile ikawa MARCHF1. Jeni ya binadamu inabadilishwa jina kwa ajili ya Excel, hebu fikiria! Sisi huku msiba wetu ni namba ya simu, unaandika 0754 sifuri ya mbele inaliwa. Na mbaya zaidi ni namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, Excel inashika 15 tu za namba, ukiiandika bila vistari zile tano za mwisho zinageuka sifuri na hazirudi. Mama mhasibu ana miaka anaweka alama ya nukta juu (') mbele ya kila namba, moja moja, wafanyakazi themanini. Mpe hii, uone kama atakataa kitu kipya.

Aina ya pili ndio inataka maswali, na AutoSave, ile ya faili kujisevu lenyewe, ndio mfano wa kero zaidi. Kwa mawazo ya waliotengeneza ni huruma, umeme ukikatika kazi yako ipo, na kwa nchi ya kukatikakatika umeme nani atapinga. Lakini watu wa hesabu wana desturi yao: fungua faili la Machi, badilisha tarehe, badilisha saa za ziada, ukimaliza lisevu kwa jina la Aprili. Faili likiwa OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, na AutoSave imewashwa, ukigusa tu Machi inabadilika palepale, unapokuja kusevu kwa jina jipya una Aprili mbili na Machi huna. Kweli kuna historia ya matoleo, unaweza kurudi nyuma, lakini lazima kwanza ujue kwamba Machi imekufa, na mtu hajui mpaka mkaguzi aiulize. Mwaka 2025 Microsoft wakaanza kupeleka Word kwenye mfumo ambao dokumenti mpya inazaliwa moja kwa moja mtandaoni bila wewe kuchagua. Kwa mtu wa fiba ya ofisi ni raha tu, kwa anayewasha data ya simu ili atume barua moja ni bando linaondoka.

Copilot, akili bandia ya Microsoft, sitaikalia sana. Kwa maofisi ilianza Novemba 2023 kwa dola 30 kwa kichwa kwa mwezi, zidisha mwenyewe kwa watu watano uone kama ofisi ya mtaani ingeiweza. Januari 2025 kwa watumiaji binafsi wa Marekani ikaingizwa ndani ya kifurushi, bei ikapanda kutoka dola 6.99 hadi 9.99 kwa mwezi. Kuandika barua inajua, muhtasari wa kikao inajua. Walipoleta fomula ya COPILOT ndani ya Excel mwaka 2025 wao wenyewe wakaonya isitumike kwenye mahesabu yanayotaka usahihi. Sasa mhasibu ana mahesabu gani mengine?

Kijana atasema basi kila mtu ahame, tatizo liishe. Ni kweli lingeisha, na asiye na hela ana njia, LibreOffice ni ya bure na toleo la 24.8 la Agosti 2024 limekuja na XLOOKUP, FILTER na wenzake. Lakini "kila mtu" ni nani? Mama anaweza kuamua mashine yake, labda na ya ofisi kama bosi kaamka vizuri. Mashine ya mkaguzi hawezi, ya mteja hawezi. Anayeandika fomula mpya anaamua kwa niaba ya watu ambao hajawauliza, ndio maana swali lake yule mama linakuwaga moja tu: na wao watafungua?

Watu wa umri wake wanakumbuka 2007 pia. Walikuwa wameshika menyu za Word na Excel kichwani kama njia ya kwenda nyumbani, File, Edit, View, asubuhi moja menyu zote zimeondolewa limewekwa utepe wa picha, na wachapaji wa kwenye steshenari waliokuwa wanapiga barua bila kuangalia skrini wakawa wanatafuta pa kuprinti mbele ya mteja. Utepe ulikuja kuzoeleka, wengine tunaupenda. Lakini kuna kitu Microsoft walifanya kwa akili sana, njia za kibodi za zile menyu waliziacha hai, hazionekani popote ila vidole vinavyozijua vinafika.

Kuna mama mmoja nimekaa naye hivi karibuni, ofisi imemletea mashine mpya na toleo jipya. Nikamkuta ana shiti yake ya kufanyia kazi, imejaa XLOOKUP na FILTER, safi kuliko zangu. Nikashangaa, nikamuuliza mbona kule unakotuma wana ya zamani. Akaniangalia vilevile kama anavyomwangalia yule kijana, akachagua shiti nzima, akakopi, akafungua faili jipya, kisha bila kuangalia kibodi: Alt, E, S, V, enta. Menyu ya Edit haipo tangu 2007, vidole vyake vinaikumbuka. Fomula zote zikabaki kwake, zikaenda Morogoro namba tupu.