Habari ya Dodoma isianzie meza kuu

Chukua kalamu, ukae mbele ya televisheni saa 2 usiku kwa siku tatu mfululizo, uandike kitenzi cha kwanza cha kila stori inayotoka Dodoma. Utapata amewataka, ameagiza, amesisitiza, amebainisha, ameipongeza. Kabla ya kitenzi hicho kuna cheo kirefu na jina. Kilichotokea chenyewe, yaani maji, barabara, bei ya mahindi, kinakuja sekunde 15 au 20 baadaye, wakati anayesonga ugali jikoni ameshaacha kusikiliza. Kwangu hili ndilo kosa kubwa la habari za televisheni kutoka makao makuu ya nchi, na linaniuma zaidi kwa sababu linarekebishika bila kununua hata kamera moja mpya.

Ukitaka kujua linaanzia wapi, fuata siku ya ripota. Dodoma ni mji wa mialiko. Wizara ziko Mtumba, Bunge lipo, kumbi za mikutano zina warsha Jumatatu hadi Ijumaa, na ratiba ya asubuhi ya mhariri mara nyingi ni orodha ya mialiko hiyo. Timu inafika ukumbini saa 3, mgeni rasmi anaingia saa 5. Kamera inasimikwa ikitazama meza kuu kwa sababu hapo ndipo penye spika na mwanga. Zinapigwa picha za mgeni akipokewa, risala, hotuba, utepe, picha ya pamoja. Nje anazungukwa na maikrofoni. Kisha anatafutwa mshiriki mmoja wa kushukuru. Ikifika saa 9 mchana picha ziwe zimeanza kusafiri kwa intaneti kwenda Dar es Salaam, ambako vituo vingi vina studio zao kuu. Anayehariri kule hana la kuongeza. Kwenye kadi ya kamera kuna meza kuu, basi stori itakuwa ya meza kuu. Na pale ambapo mwenyeji wa shughuli ndiye aliyetoa gari na nauli za waandishi, hata kwenda nyumba ya pili kumuuliza jirani ni shida, maana gari linaondoka na msafara. Hili la nauli lizungumzwe waziwazi kwenye vyumba vya habari, kwa sababu linaamua kamera itazame wapi kabla mhariri hajaamua.

Tuchukue mfano wa kubuni: kisima kirefu kinazinduliwa kwenye kijiji kimoja wilayani Bahi, na stori imepewa dakika 1 na sekunde 40. Kwa mtindo uliozoeleka, msomaji studio anachukua sekunde 20 za intro, sekunde 30 zinakwenda kwenye msafara na utepe, 25 kwa sauti ya mgeni rasmi, 15 kwa mwananchi anayeshukuru, na 10 za mwisho kwa ripota kufunga. Maneno ya Kiswahili ni marefu, na msomaji wa mwendo mzuri hupitisha kama maneno 2 kwa sekunde. Ukitoa sauti za wahusika wawili zinabaki sekunde 60, yaani maneno kama 120 ya kueleza kila kitu. Cheo, wizara, jina na wadhifa wa ziada vinaweza kula maneno 12, sawa na sekunde 6. Vikitajwa mara mbili, sehemu ya tano ya maneno yote imeteketea na bado hatujajua kama maji yanatoka.

Stori hiyohiyo igeuzwe. Picha ya kwanza iwe ndoo ya lita 20 chini ya bomba, na sauti ya maji yakigonga plastiki iachwe peke yake kwa sekunde 3. Ndipo ripota aseme: “Ndoo hii leo imejazwa hatua 200 kutoka nyumbani. Hadi wiki iliyopita ilijazwa kwa kuchimba mchanga korongoni, saa 2 kwenda na kurudi.” Hapo mtu yeyote wa Dodoma vijijini anajua unachozungumzia, hata aliye jikoni, kwa sababu picha imeelezwa kwa masikio pia. Sentensi zinazofuata zijibu maswali ambayo kijiji kinauliza kweli: ndoo moja ni shilingi ngapi, nani anashika fedha hizo, pampu inaendeshwa kwa umeme wa gridi, dizeli au jua, na ikiharibika fundi anatoka wapi. Mgeni rasmi apewe sekunde 10, akijibu swali aliloulizwa. Kipande cha hotuba hakifai hapo. Cheo chake kinakaa kwenye maandishi ya chini ya skrini, mahali pake hasa, na hakuna aliyevunjiwa heshima.

Kuhusu maandishi hayo ya chini nina ugomvi mwingine. Kiongozi huandikiwa jina na wadhifa, profesa huandikiwa jina na chuo, lakini aliyelima uwele miaka 30 anaandikiwa “Mwananchi” au “Mkazi”. Aandikwe “Mkulima wa uwele, ekari 4”. Maneno machache tu, na mtazamaji anajua kwa nini huyu anastahili kusikilizwa kuhusu uwele. Kama ni bibi anayejieleza vizuri kwa Kigogo, asilazimishwe kuhangaika na Kiswahili mbele ya kamera. Iachwe sauti yake kwa sekunde 3, kisha tafsiri ipite juu yake au iandikwe chini. Mtu anapolazimishwa lugha husema mambo mafupi ya adabu, “tunashukuru sana”, na ile hoja aliyokuwa nayo inabaki moyoni.

Upigaji picha nao una mambo yake ya hapa kwetu. Miezi ya kiangazi, hasa Juni hadi Septemba, upepo wa Dodoma unaingia kwenye maikrofoni mpaka sauti inakuwa ngurumo tupu, na hakuna mhariri atakayeiokoa. Sponji nyembamba haitoshi. Tumia kifuniko cha manyoya, au mgeuze mhusika mgongo wake ukinge upepo, na uvae vipokea sauti muda wote unaporekodi. Jua la saa 6 mchana linatia kivuli kwenye macho ya watu, kwa hiyo msogeze mhusika kwenye kivuli cha mti na uhakikishe nyuma yake hakuna anga linalowaka. Kila picha ishikwe sekunde 10 bila kuzungusha kamera wala kuvuta karibu. Kwenye uhariri utatumia 3 hadi 5, na hizo zinazobaki ndizo zinazokupa pa kukatia. Piga eneo zima, kisha mtu, kisha mkono unaofanya kazi. Timu nyingi hurudi na picha za eneo zima na za watu waliokaa, hazina mkono hata mmoja, ndiyo maana stori zetu za kilimo zinafanana na stori za semina.

Namba ndizo zinazoumiza zaidi. Kila Juni, waziri wa fedha akisoma bajeti hapa Dodoma, televisheni hutaja trilioni huku skrini ikionyesha mashine ikihesabu noti. Bajeti ya 2025/26 ilikuwa shilingi trilioni 56.49. Nani anaweza kuiona trilioni kichwani? Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Gawanya, unapata kama shilingi 915,000 kwa kila mtu kwa mwaka mzima, hospitali, madeni, mishahara na reli vyote humo. Hesabu hiyo inachukua dakika moja kwenye simu, na inampa mtazamaji kipimo cha kuuliza sehemu yake imekwenda wapi. Weka namba moja kubwa kwenye skrini, uitaje, unyamaze kidogo. Zikiwa tano kwa wakati mmoja hakuna hata moja inayokaa.

Hali ya hewa ni hivyohivyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa mwelekeo wa mvua za msimu, zile za Novemba hadi Aprili, neno “wastani” lina maana kamili: kati ya asilimia 75 na 125 ya kiwango cha muda mrefu. Msomaji analitamka kama neno la kawaida tu na kuendelea mbele. Dodoma hupata kama milimita 570 kwa mwaka, karibu zote ndani ya msimu huo mmoja. Kwa hiyo “chini ya wastani” hapa ni chini ya milimita 430 hivi, kiwango ambacho mahindi yanateseka wakati mtama na uwele bado vina nafasi. Mkulima wa Chamwino au Kongwa anayeamua anunue mbegu gani alihitaji sentensi hiyo moja. Ramani yenye wingu la kuchorwa haikumsaidia.

Naelewa kwamba kituo kinahitaji watazamaji, na sioni aibu kwenye kuvutia watu. Muhtasari wa mwanzo na kile kionjo cha kabla ya matangazo ni kazi halali, mradi kinachoahidiwa kipo. Kionjo kizuri kinataja jambo na kuacha swali: “Bei ya mahindi Kibaigwa imeshuka wiki hii. Nani amenufaika?” Kionjo kibaya kinasema “Mazito yaibuka” halafu stori yenyewe ni ufunguzi wa semina. Mtazamaji akidanganywa mara ya tatu anahamia kwenye vipande vya simu, na huko nako vichwa vya aina hiyo vimejaa. Muziki wa huzuni juu ya habari ya msiba uachwe kabisa. Na picha za zamani ziandikwe MAKTABA kwenye kona muda wote zinapoonekana. Reli ya kati kwenye kipande cha Kilosa hadi Gulwe imeharibiwa na mafuriko zaidi ya mara moja, na ukirusha picha za mafuriko ya zamani bila alama siku mvua inanyesha, kuna abiria ataahirisha safari na familia itakayoanza kupiga simu kwa hofu.

Bunge linahitaji uangalifu wa pekee. Januari 2016, serikali ilipotangaza kwamba TBC, televisheni ya taifa, haitaendelea kurusha vikao vyote moja kwa moja, sababu iliyotolewa ikiwa gharama, tulibishana sana kuhusu haki ya kuona. Ulikuwa ubishi wa lazima. Lakini kikao cha saa nyingi kikikatwa kuwa dakika 3, anayekata ana nguvu kubwa, na nguvu hiyo iko kwenye vitu vidogo. Picha ya mbunge anayecheka saa 4 asubuhi ikibandikwa juu ya hoja ya saa 11 jioni, mtazamaji ataamini ameicheka hoja hiyo. Wabunge wakigonga meza, anayetazama nyumbani anahisi hoja imeshinda, hata kama waliogonga ni upande mmoja tu. Kanuni iwe moja: picha ya anayesikiliza itoke kwenye mchango uleule, na kelele za meza zisitumike kama kiunganishi cha kukatia. Kisha ripota aseme kifungu gani kimebadilika na kitaanza kutumika lini, maana hicho ndicho kinachomfikia muuza nguo wa Soko la Majengo.

Nirudi kwenye kile kisima cha Bahi. Kila stori ya utepe iandikwe kwenye daftari la chumba cha habari siku hiyohiyo, pamoja na tarehe ya kurudi, miezi 3 mbele. Kutoka mjini hadi Bahi ni kama kilomita 60, barabara ya lami. Ripota na mpiga picha wanakwenda bila mwaliko, asubuhi mapema kabla jua halijawa kali, wanasimama penye bomba, wanafungulia na kurekodi kinachotoka. Wanamuuliza aliyepanga foleni ndoo ni bei gani sasa.