Mieleka ya wanaojifunza: tuoneshwe ikiwa mbichi?

Kwenye banda moja la video pale Majengo, Moshi, kijana wa benchi la mbele aligeuka akamwambia mwenye banda, "Mangi, tutolee hawa wanafunzi, tuwekee wakubwa." Kwenye skrini kulikuwa na kipindi cha mieleka cha NXT cha Januari 7, 2025, kutoka Los Angeles, na kila mmoja wetu alikuwa ameshalipa shilingi 500 mlangoni. Mwenye banda hakubadilisha. Mwishoni, Oba Femi alipowashinda Trick Williams na Eddy Thorpe na kuuchukua mkanda wa ubingwa wa NXT, kijana yuleyule alikuwa amesimama juu ya benchi anapiga kelele.

Hata hivyo shangwe yake haikulifuta lalamiko lake. Nimekuwa nikilifikiria tangu siku hiyo, kwa sababu ana hoja.

NXT ni ngazi ya chini ya WWE, kampuni ya mieleka ya maonesho, ambayo mshindi hupangwa kabla. Kilianza 2010 kama shindano la televisheni, na kuanzia 2012 kikafanywa kipindi cha kukuzia vipaji, kikirekodiwa kwenye chuo cha Full Sail, Florida. Mwaka 2013 kampuni ikafungua kituo chake cha mafunzo mjini Orlando. Bingwa wa kwanza wa NXT alikuwa Seth Rollins, ambaye leo hata mtoto wa darasa la pili Pasua anamjua. Kwa hiyo shule inafaulisha, hilo halina mjadala. Swali ni kama sisi tunapaswa kukaa ndani ya darasa.

Upande wa yule kijana unaonekana kwa macho. Mwanamieleka mchanga hujiandaa kuanguka kabla pigo halijarushwa. Hutazama chini kutafuta pa kuweka mguu. Akipewa kipaza sauti, maneno yanamtoka kama shairi la kukaririshwa. Ukishaona hivyo mara mbili, huwezi tena kuamini kwamba hawa wawili wanachukiana, na mieleka bila kuamini, hata kwa dakika kumi tu, haibaki na kitu. Mtaani kinyozi anayejifunza huanzia vichwa vya watoto, na watu wazima wakikubali kukaa kwenye kiti chake hupunguziwa bei. Banda halipunguzi bei kwa sababu walio ulingoni bado wanajifunza.

Tena kuna jambo linaloniuma zaidi ya mia tano yangu. Kosa la mwanafunzi hurekodiwa, likabaki. Fundi cherehani mchanga akiharibu shati, shati linafumuliwa. Mwanamieleka aliyeteleza kwenye kamba akiwa na miezi michache ya mazoezi atakuta kipande hicho kinazungushwa kwenye simu miaka kumi baadaye, hata kama amekuwa hodari kuliko wote.

Sasa upande wa pili. Sisi wa Kaskazini tumezoea wanamichezo wanaoivia mbali na macho ya watu. Filbert Bayi wa Karatu alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, dunia ilimwona akiwa tayari. Mkimbiaji hahitaji mtazamaji ili aive, anahitaji barabara na pumzi. Mwanamieleka ni tofauti kabisa. Kuanguka atajifunza kwenye chumba cha mazoezi, bila watazamaji: kidevu kifuani, mgongo wa juu utangulie, mikono ipige chini kusambaza kishindo, maana chini ya lile turubai kuna sponji nyembamba tu na mbao. Lakini kujua ni lini alale sekunde tatu zaidi ili watu wamwonee huruma, ni lini anyamaze, ni lini amtazame yule anayemzomea, hayo hayafundishiki kwenye chumba kitupu. Watu waliokaa ukumbini ni nusu ya mchezo, na ndio wanaomfundisha.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema NXT ilikuwa bora ilipojaa wakongwe. Kipindi hicho nilikipenda, sikatai. Akina Adam Cole, Johnny Gargano na Tommaso Ciampa walikuja wakiwa wameshazunguka kumbi ndogondogo kwa miaka, na mapambano yao yalikuwa yameiva kweli. Lakini ilikuwa shule isiyo na wanafunzi wengi. Oktoba 2019 kampuni pinzani ya AEW ikaanzisha kipindi chake usiku uleule wa Jumatano, NXT ikapigana nayo hadi Aprili 2021, kisha ikahamia Jumanne. Septemba mwaka huo ikabadilishwa rangi na kujazwa wageni wa ulingo. Mashabiki walikasirika, na mapambano mengi ya miezi ile yalikuwa magumu kutazama.

Kwa maoni yangu kosa halikuwa kuonesha wanafunzi. Kosa lilikuwa kuwapanga wanafunzi kwa wanafunzi, kipofu amshike mkono kipofu. Januari 2022 Bron Breakker alipomnyang'anya Ciampa mkanda, hakuwa hata na miezi minne tangu aanze kuonekana kwenye kipindi, na bado pambano lilisimama, kwa sababu mmoja wao alikuwa anajua njia. Trick Williams naye alikaa muda mrefu pembeni ya Carmelo Hayes akitazama na kusindikiza, na Aprili 2024 akautwaa mkanda mbele ya Ilja Dragunov, mtu aliyekomaa. Mchanga akipewa mkongwe, mtazamaji anapata pambano na shule inapata mwanafunzi.

Oba Femi ndiye mfano ninaoupenda. Kijana wa Lagos, aliyekuwa akirusha tufe katika Chuo Kikuu cha Alabama, akachukuliwa kupitia mpango wa kusaka wanamichezo wa vyuo. Januari 2024 alipata mkanda wa Amerika Kaskazini, mkanda mwingine wa NXT, akaushika hadi Oktoba. Mwanzoni alikuwa nguvu tupu. Mwaka mmoja baadaye, pale Los Angeles, alikuwa anatembea polepole akijua kwamba tunamsubiri. Mabadiliko hayo hutayaona kwenye kipindi cha wakubwa, maana kule watu hufika wakiwa wamekamilika.

Kipindi kilipoisha, mtoto mmoja aliyekuwa amekaa chini karibu na spika aliniuliza, "Baba, kwani huwa wanafundishwa kuanguka kabla ya kupigana?" Nikamwambia ndiyo, tena ni kitu cha kwanza, na wanarudia mpaka mgongo uwake moto. Akamgeukia mwenzake. "Ndiyo maana juzi uliumia," alimwambia.