IQ inapima akili au inapima shule?

Mtu akinitajia IQ yake, yaani alama ya kipimo cha akili, kwamba ni 130 huwa namuuliza, umepimwa nini hasa? Maana hiyo namba sio kama kilo, inakuonyesha tu umesimama wapi kati ya watu wa umri wako, wastani umewekwa 100 na kama theluthi mbili ya watu wanaangukia kati ya 85 na 115.

Ila wanaoitetea tusiwaonee, wana hoja nzito. Mwanasaikolojia Mwingereza Charles Spearman aliliona tangu 1904 kwamba anayefanya vizuri somo moja mara nyingi na mengine anafanya vizuri, na mpaka leo ukimpa mtu maswali ya maneno, mafumbo ya maumbo na kukariri tarakimu kinyumenyume, alama zake huwa zinafuatana. Na matokeo ya shule zinayabashiri vizuri tu.

Sasa sikia hii. Miaka ya 60 watafiti Wamarekani waliwapa wakulima wa kabila la Wakpelle kule Liberia lundo la vitu wavipange. Wao wakaweka kisu na chungwa, jembe na kiazi, maana kisu ndo kinakata chungwa, wakasema mtu mwenye busara anapanga hivyo. Watafiti walitaka vyakula huku na zana huku. Walipochoka wakauliza, haya, mpumbavu angepangaje? Wakapanga palepale, vyakula huku zana kule, safi kabisa! Yaani uwezo walikuwa nao muda wote, kilichokosekana ni kujua mwenye karatasi anataka jibu gani, na hilo ndo shule inalokufundisha kila siku.

Alafu kuna mtafiti James Flynn, alionyesha alama za IQ zilipanda nchi nyingi karne ya 20, kama pointi 3 kila miaka 10. Jeni hazibadiliki haraka hivyo, kwahiyo mazingira yana mkono mkubwa tu.

Wafaransa Binet na Simon, walipotunga kipimo chao cha akili 1905, walikuwa wanatafuta watoto wa kusaidiwa darasani, na Binet mwenyewe alikataa kwamba akili ya mtu imegota hapo milele. Kwa kazi hiyo mi naipokea namba bila shida. Ikija kumfungia mtu mlango, hapo kwanza nionyeshwe nani katunga maswali, na kama yule wa kisu na chungwa kapewa sifuri.